Pedali ya Tatu

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Nyanda za Juu Kusini, akiisha kuipita Mikumi na kulimaliza lile bonde refu ambalo mibuyu yake imesimama pande zote mbili za barabara mithili ya wazee walioitwa barazani kusikiliza shauri kisha wakasahauliwa huko, huwasili Ruaha Mbuyuni, mji mdogo wenye joto jingi, malori mengi na vitunguu vingi zaidi; na aghalabu hashuki ila kwa haja ya kununua vitunguu hivyo vyekundu vilivyopangwa kando ya lami, kwa kuwa mbele yake upo Mlima Kitonga, na dereva mwenye akili timamu hautazami Kitonga akiwa na fikira mbili kichwani. Mimi nilishuka hapa zamani, nikiwa dereva wa malori yaendayo Zambia, na sababu za kutopanda tena hazihusu insha hii, isipokuwa kwamba dada yangu alikuwa ameolewa na Mhehe wa hapa, na kwamba mtoto wake, ambaye leo ni mtu mzima mwenye mashamba yake ya umwagiliaji, ndiye aliyenirudisha katika mas'ala ya hiari na taqlidi ambayo nilidhani nimeyaacha chuoni Bagamoyo pamoja na ubao wangu wa kuandikia.

Mpwa wangu huyo alijaliwa msimu mmoja mavuno yaliyokutana na bei njema, jambo ambalo kwa mkulima wa vitunguu ni adimu kama kupatwa kwa jua, akateremka Dar es Salaam na kurudi na Toyota Altezza ya rangi ya fedha. Gari hilo, kwa wasiolijua, liliundwa Japani kati ya mwaka 1998 na 2005 kwa makusudi ya kushindana na magari madogo ya Kijerumani yapendwayo na watu wa mwendo: injini mbele, nguvu nyuma, kimo cha chini, na jina la Kitaliano lenye maana ya urefu, au utukufu, kana kwamba waliolibuni walijua kuwa siku moja litatakiwa kupanda Kitonga. La kwake lilikuwa na injini ya lita mbili yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na giaboksi ya otomatiki yenye gia nne. Baadhi ya ndugu zake waliotoka kiwanda kilekile walipewa giaboksi ya mkono yenye gia sita. Na maadamu habari hiyo ilikuwa ikijulikana, mbegu ya fitina ilikwisha kupandwa kabla gari halijafika kwetu.

Fitina yenyewe ilichipuka jioni moja alipokuwa akishuka kutoka Iringa, nyuma ya semitrela mbili zilizokuwa zikitambaa. Aliiacha gia pale penye herufi D, mahali inapokaa siku zote, na kila gari lilipotaka kukimbia aliligandamizia breki; na kwa kuwa Kitonga hauna haraka ya kuisha, breki zilipata moto, moto ukawa harufu, harufu ikawa moshi, na pedali, ambayo asubuhi yake ilikuwa imara kama jiwe, ikaanza kuzama chini ya unyayo wake kama mtu akanyagaye tope. Mola alimhifadhi. Alifika Mahenge chini ya mlima, akaegesha, akakaa juu ya jiwe muda wa saa nzima, kisha akaja kwangu kabla ya kwenda kwake.

"Shikamoo, mjomba. Gari hili halinisikilizi," alisema. "Linajiamulia lenyewe. Mimi nataka gari ambalo nikiamua, nimeamua."

Nikamwitikia, nikampa maji ya kunywa, nikamwuliza, "Na ile 2, na ile L, zilizo chini ya D, ulizitumia?"

Alinitazama kitambo. "Zile zina kazi gani, mjomba?"

Jawabu hilo lilinishughulisha kuliko moshi wa breki. Kwa maana katika gari la otomatiki la namna ile, dereva akiisha kuiteremsha gia kwenye 2, giaboksi huwa imeamrishwa isipande zaidi ya gia ya pili, na injini, badala ya kuliachia gari liteleze, hulishika mkia. Na L hulishika zaidi. Ndiko kupangua gia kulekule kwa madereva wa malori, ila kwa vidole viwili na bila kelele. Kwa hiyo, kwa insafu, si giaboksi iliyomnyima mpwa wangu uamuzi. Uamuzi ulikuwako mwaka mzima, umeandikwa kwa herufi nyeupe kando ya goti lake, naye kila asubuhi alikuwa akiishia D, hatua moja kabla yake.

Neno hili hiari lina nasaba ya kupendeza. Limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotuletea neno heri, na katika lugha ile kuchagua ni kukitwaa kilicho cha heri zaidi baada ya kuvipima viwili, wala si kukitwaa chochote kilicho karibu na mkono; hata mtu anayechagua bila kujua kipi bora, ukifuata asili ya neno, bado hajafikia hiari, amecheza bahati nasibu tu. Sisi tumelilegeza neno hilo, tukaliacha liwe na maana ya kutolazimishwa, tukaridhika. Na ndiyo sababu kijana anaweza kuishi mwaka mzima bila kulazimishwa na mtu yeyote kuiweka gia kwenye D, akaiweka, na akalalamika kuwa ameonewa.

Chuoni tulisomeshwa kwamba wanazuoni wa tauhidi walihitilafiana tangu kale juu ya imani ya mwenye taqlidi, yaani mtu aaminiye kwa sababu baba yake aliamini, na babu yake kabla ya hapo, wala hana dalili hata moja awezayo kuitoa akiulizwa. Wako waliosema imani yake haisihi. Wako waliosema inasihi lakini amefanya kosa kuacha kutafuta dalili ilhali ana uwezo. Na wako, nao ndio waliowahurumia zaidi bibi zetu vikongwe, waliosema inasihi na wala hana lawama. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeitoa Sahifa yake mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwasumbua sana watu wa pwani kwa shauri hili, akiwataka waache kuifuata ada kwa sababu tu ni ada. Na wazee wetu walikuwa wakimtaja kwa heshima na wasiwasi kwa pamoja, kama watu wamtajavyo tabibu hodari mwenye kisu kikali. Lakini aliyeligusa jambo penye mshipa wake, kwa rai yangu, ni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika kisa chake cha kuitafuta yakini alieleza kwamba taqlidi hudumu kwa sharti moja tu, nalo ni mwenye nayo asijue kuwa anayo. Akiisha kujua, chombo kimevunjika, wala hakuna gundi ya kukirudisha.

Mpwa wangu hakupata kumsoma al-Ghazali, na sidhani kama atamsoma, lakini nililiona jambo hilo likimpata mbele ya macho yangu. Nilimwambia: basi, tangu leo ukishuka mlima tia 2, na safari imekwisha. Akatikisa kichwa. "Mjomba, sasa nimejua kwamba nilikuwa sijui. Nataka kuijua kazi yote, si 2 peke yake." Hapo nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na jawabu, ingawa nilishuku, na hata sasa nashuku, kwamba ndani ya maneno yale mema kilikuwamo kipande cha kiburi cha kijana atakaye kuonekana akipiga gia mbele ya vibanda vya vitunguu. Nia za binadamu hazitoki shambani zikiwa zimepembuliwa.

Kazi ilifanyika nyumbani kwake, chini ya mbuyu, kwa muda wa siku kumi na tisa, ingawa fundi aliyetoka Ilula alikuwa ameahidi nne. Vipuri vilitoka Gerezani, Kariakoo, vikaja kwa basi ndani ya viroba: giaboksi ya gia sita iliyotolewa kwenye Altezza iliyopata ajali, flaiwili, sahani ya klachi na presha pleti yake, masta silinda na slevu, propela ya kulingana, kontroli boksi ya gari la mkono, na pedali mbili zilizofungwa kwa kamba ya mkonge. (Muuzaji mmoja alitutumia slevu ya gari jingine kabisa, ndizo siku sita kati ya zile kumi na tisa.) Gari likainuliwa, likawekwa juu ya stendi mbili na magogo mawili, haidroliki ikamwagwa kwenye beseni, na ile haidroliki, ambayo ikiwa mpya huwa nyekundu mfano wa maji ya rozela, ilitoka na rangi ya kahawa iliyochacha, jambo lililomfurahisha mpwa wangu kama wakili aliyepata shahidi. Kisha vijana watatu, jeki moja na ubao wa kitanda wakaiteremsha giaboksi ya zamani, nzito kama ng'ombe aliyelala, ikalazwa juu ya turubai penye kivuli.

Nilipewa kulishika lile bakuli la chuma linalokaa kati yake na injini, ambalo mafundi huliita toki konveta. Ni chombo kilichofungwa pande zote, na ukikitikisa husikia mafuta yakicheza ndani. Mle ndani, nilivyoelezwa, mna magurudumu mawili yenye mapezi yatazamanayo bila kugusana: moja huzungushwa na injini na kuyatupa mafuta, jingine huyapokea mafuta hayo na kuzunguka kwa nguvu yake. Asili ya fikira hiyo ni Mjerumani Hermann Föttinger aliyeiwekea hati mwaka 1905 kwa ajili ya meli, na ilipofika mwaka 1939 Wamarekani wa General Motors walikuwa wameanza kuwauzia watu magari yaliyobadili gia yenyewe. Nilistaajabu kuona kwamba muda wote ule mpwa wangu alipokuwa akiendesha, injini yake na magurudumu yake yalikuwa yakisemezana kwa kupitia mafuta, kama mchumba na mchumba wenye mshenga. Hakuna jino lililogusa jino ila kwa idhini ya mshenga. Namna hiyo ina adabu yake, na ina ulaini ambao mwenye mgongo mbovu kama mimi hawezi kuukana.

Flaiwili ikafungwa mahali pa sahani nyembamba ya otomatiki, klachi ikawekwa katikati kwa kijiti cha kuipimia, giaboksi mpya ikapandishwa, boliti zikakazwa, injini ikawashwa. Na mara ukasikika mlio, kama nyuki ndani ya debe. Fundi akauzima moto, akakaa chini, akajishika kichwa. Alikuwa amesahau beringi moja, ndogo kiasi cha kufichika kiganjani, ikaayo kwenye tundu la mwisho wa kranki ili kuushika mhimili wa giaboksi usitikisike. Injini ya otomatiki haiihitaji, kwa hiyo tundu lilikuwa tupu, na aliyezoea kutengeneza kilichokuwako hakukumbuka kutia ambacho hakikuwako. Kila kitu kikateremshwa tena. Nilishawishika kuifanya beringi ile kuwa mfano wa nia katika ibada, ambayo haionekani na pasipo yenyewe swala yote ni mtikisiko. Lakini nilipomwona fundi akilala tena mchangani chali, jasho likimwingia machoni, niliona haya kuigeuza kazi ya mtu kuwa mithali na hali yeye bado hajala.

Jambo la mwisho lilikuwa nyaya. Gari lililozaliwa otomatiki haliruhusu stata kuzunguka mpaka lihakikishe kwamba gia iko kwenye P au N, na sasa P na N hazikuwako tena ulimwenguni mwake. Fundi akaziunganisha nyaya mbili, akazifunga kwa utepe mweusi, na tangu hapo gari lile huamini, usiku na mchana, mlimani na bondeni, kwamba limeegeshwa. Niliuona uongo huo mdogo nikacheka. Ningelicheka kidogo zaidi kama ningejua utakavyotumika baadaye. Chini ya usukani, ile pedali pana ya breki iliyokaa kama kigoda ikang'olewa, ikatiwa nyembamba, na kushotoni mwake ikasimama ya tatu.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa mateso. Gari lilizimika mbele ya malori, gia zililia, na jirani mmoja aliniuliza kwa faragha kama mpwa wangu ameanza kunywa. Mimi nilikaa kando yake nikimwelekeza, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukijikunja wenyewe kila alipokosea, kwa kuwa ulikuwa ukikumbuka adabu yake. Aliyenifundisha mimi alikuwa mmoja wa madereva walioipita barabara hii ilipokuwa bado udongo, miaka ile baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ikafungiwa njia ya kusini na shehena zake zikaja kupita huku kwetu kwa malori, mengi yakiishia korongoni, hata Wazungu wakaipa njia hii jina la Jahannamu. Malori yale ya zamani hayakuwa na sinkronaiza ya kuyapatanisha meno. Dereva alikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, na katikati alipiga resi kwa kipimo alichokisikia kwa nyayo, na akikosea, giaboksi ilimkemea mbele ya utingo wake. Bwana yule alinipiga kofi la mkono kila gia ilipolia. Hakunieleza sababu hata siku moja. Nadhani alijua kwamba sababu ingenifikia kwa njia ya mkono kabla ya kufika kichwani, na ndivyo ilivyokuwa.

Leo malori mapya ya Ulaya yaupandao mlima huohuo hayana pedali ya klachi kabisa. Ndani mna giaboksi ya meno kama ya zamani, lakini aichezeaye ni kompyuta, nayo, haki isemwe, hukosea mara chache kuliko nilivyokuwa nikikosea mimi. Sioni fahari yoyote katika kumtamania utingo wa leo makofi yangu.

Na ningelimaliza kwa kumsifu mpwa wangu, kama si mkewe. Huyu ni binti wa Kilolo, Mlutheri, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya chini ambayo huhitaji kuinamiwa, na jioni moja, mume akiwa shambani, alikuja na bakuli la ugali na samaki, akanisalimia, akaketi.

"Mjomba," alisema, "mume wangu amejipatia gia sita. Mimi amenipokonya gari."

Nikamwambia sijaelewa. Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba alijifunza udereva Iringa kwa gari la otomatiki, na kwamba kwa mwaka mzima ndiye aliyekuwa akiwapeleka watoto hospitali na mama yake kanisani, na kwamba tangu kazi ile ifanywe chini ya mbuyu yeye hupanda bodaboda. Hakuulizwa. Kisha akaongeza jambo lililonifanya niuache mkono wangu ndani ya bakuli: "Mimi Kitonga nimekuwa nikishuka na 2 tangu siku ya kwanza. Mwalimu wangu alinifundisha, na nyumbani nikasoma kitabu cha gari. Breki zangu hazijanuka hata siku moja."

"Na hukumwambia mumeo?"

"Aliniambia mimi naendesha polepole."

Basi hapo, msomaji, mizani yangu yote ilianguka. Aliyekuwa mtu wa ijtihadi katika nyumba ile, mwenye kuijua dalili na kuitumia mahali pake, alikuwa ndani ya gari la otomatiki. Na aliyelibomoa gari zima ili aipate hiari alikuwa amemtwisha mwenzake taqlidi ya bodaboda. Nikamwuliza, kwa kuwa nilitaka kumsikia zaidi, anaonaje: je, mtu aweza kukimiliki kitu alichopewa tu, ambacho hakukitafuta? Akafikiri kidogo. "Kwetu sisi," alisema, "mtoto hubatizwa hajui lolote, amebebwa tu. Akikua hufundishwa, akaulizwa, akajibu mwenyewe mbele ya watu, akapata kipaimara. Lakini hakuna anayebomoa ubatizo kwanza ili kipaimara kiwe cha kweli."

Nimelitafakari jawabu hilo siku nyingi, na kila nikilipindua nalikuta limesimama. Wanazuoni wetu waliosema imani ya mwenye taqlidi inasihi, ila atafute dalili kwa kadiri ya uwezo wake, walikuwa wakisema jambo lililo karibu nalo: kilichorithiwa si lazima kivunjwe ili kijulikane. Hata hivyo siwezi kumwona mpwa wangu kuwa amekosa tu, kwa sababu ya jambo lililotokea mwezi wa tano baada ya kazi ile, nami nilikuwako.

Tulikuwa tukishuka Kitonga usiku, mimi na yeye, mvua ya kwanza imenyesha, lami inang'aa kama ngozi ya nyoka. Alikuwa akinisimulia habari za bei ya mbolea. Mbele yetu, kwenye kona, taa nyekundu za lori zikatokea ghafla zikiwa zimesimama karibu kabisa. Na kabla sijavuta pumzi injini yetu ikanguruma kwa sauti ya juu, gari likajivuta nyuma kama mbuzi aliyekazwa kamba, mara moja, kisha mara ya pili, breki ikaguswa kidogo tu mwishoni, tukasimama na nafasi ikabaki. Naye alikuwa bado katikati ya sentensi ya mbolea. Nikamwuliza, "Umepangua gia ngapi?" Akatazama kirungu cha gia kana kwamba amekikuta mkononi mwa mtu mwingine. Kilikuwa kwenye pili. "Sijui, mjomba," akasema. "Sikuhisi."

Tazama basi mambo yalivyozunguka. Kijana alilichukia gari lililojiamulia lenyewe, akafanya kazi siku kumi na tisa na kuteseka miezi, na mwisho wake amepata mkono unaojiamulia wenyewe. Hiari aliyoitafuta, saa ile aliyoihitaji kuliko saa zote, hakuitumia. Ilitumika bila yeye kuarifiwa. Na msomaji anaweza kuuliza, kama nilivyojiuliza mimi hadi tukafika Mahenge, kuna tofauti gani kati ya gia iliyobadilishwa na mafuta ndani ya bakuli na gia iliyobadilishwa na mkono ambao mwenyewe haujui? Suala hilo halina umri mdogo. Ni suala la mtu aswaliye miaka arubaini hata ulimi ukasoma wenyewe na uti wa mgongo ukarukuu wenyewe, moyo ukiwa sokoni. Ni ibada yake ile, au ni ya mazoea yake?

Abu'l-Hasan al-Ash'ari, ambaye itikadi yake ndiyo tuliyosomeshwa sisi watu wa pwani, aliishi Basra na Baghdad na kufariki karibu mwaka 935, na alisimama kati ya waliosema mja hana tendo lake lolote, ni unyoya katika upepo, na waliosema mja huyaumba matendo yake mwenyewe, kundi ambalo yeye alikuwa mmoja wao kabla hajaliacha. Alisema: Mwenyezi Mungu ndiye aumbaye tendo, na mja hulichuma. Neno alilolitumia ni kasb, nalo ni gumu kufahamika, hata Waarabu wakafanya mzaha kwamba jambo lililojificha sana limejificha kuliko kasb ya al-Ash'ari. Nami nilipokuwa mtoto sikulifahamu, nikalihifadhi tu, kwa taqlidi. Lakini usiku ule ndani ya gari lenye harufu ya vitunguu nililiona jinsi Waswahili tulivyolitamka siku zote bila kujua: tunasema mtu amechuma dhambi, amechuma thawabu, amechuma mali, amechuma maradhi. Mtu hakiumbi akichumacho, kilikuwako mtini. Alichokileta yeye ni kufika, kunyosha mkono, na kuudhi miiba. Tendo la mkono wa mpwa wangu pale konani lilikuwa lake, si kwa kuwa alilikusudia dakika ile, bali kwa kuwa alikuwa amekwisha kulichuma, kidogo kidogo, kila gari lilipozimika mbele ya malori na kila gia ilipolia na mjomba wake akasonya. Otomatiki ingeweza kufanya kazi hiyohiyo, pengine kwa utulivu zaidi, na yeye asingekuwa amechuma kitu.

Na mkewe naye, kwa 2 yake, alikuwa amechuma. Ndipo hoja yangu inapoanza kunipa taabu, maana siwezi kusema mchumo uko katika pedali tatu na hauko katika mbili. Nilimweleza mpwa wangu habari za bakuli la ugali, si yote, yale ya kutosha. Alinyamaza njia nzima kutoka Mahenge. Giaboksi ya zamani bado imelala chini ya mbuyu, imefunikwa kwa viroba, na kuku wameifanya kiota. Ameniambia mara mbili kwamba inaweza kurudishwa, na mara zote mbili mkewe alimkataza.

Jumamosi iliyopita alasiri, baada ya vitunguu kuondolewa kwenye uwanja wa kukaushia, mke wake aliketi penye usukani. Mimi nilipakiwa nyuma kama shahidi; mume alisimama nje, karibu na dirisha, mikono mifukoni. Akaingiza ufunguo, akauzungusha, na kwa kuwa gia ilikuwa kwenye ya kwanza na gari lile huamini daima kwamba limeegeshwa, liliruka mbele kama chura, likaigonga mizani ya kupimia vitunguu, likazimika. Vumbi likapanda. Mume akafungua kinywa. Mke akakiinua kidole kimoja juu ya usukani, bila kugeuka, na mimi pia, ambaye nilikwisha kuinama mbele na neno klachi mdomoni, kikanikuta.

"Mjomba, naomba msiniambie," alisema.

Akautazama mguu wake wa kushoto kwa muda, kama mtu atazamaye mtumishi mgeni. Kisha akaikanyaga ile pedali mpaka chini, akakitikisa kirungu cha gia kulia na kushoto kuhakikisha kwamba kiko huru, akakitikisa tena, akawasha.